Kikombe cha Klorini Mbele ya Bibi

Juzi dereva mmoja wa bodaboda wa hapa kwetu Mlabani alikuja kula kwangu. Mimi nauza chakula: wali, maharage, perege wa kukaanga, na maneno, ambayo natoa bure. Kamaliza wali wote, kaomba maji. Nikamchotea kwenye ndoo yangu yenye koki. Akapeleka kikombe mdomoni, akakisimamisha njiani, akanusa, uso ukajikunja kama kitambaa cha kudekia kilichosahaulika juani. Akakisukuma kikombe hadi mwisho wa meza kwa kidole kimoja.

"Mama, maji yako yananuka bwawa la kuogelea."

"Bwawa la kuogelea umeliona wapi wewe, Ifakara hii?"

"Kwenye simu."

"Kumbe siku hizi simu inatoa na harufu?"

Wenzake wakacheka. Nilikuwa na jibu lingine tayari, maana huwa naweka akiba, ila ile harufu ilikuwa imeshanifikia na mimi. Asubuhi mkono ulikuwa umeteleza nikatia dawa kidogo zaidi. Klorini ikapanda puani, ikanichoma kwa juu, karibu na macho, mate yakanijaa mdomoni. Nikashika meza. Mwili wangu mzima huu mnaouona, mama wa watu wazima, ukawa wa mtoto wa darasa la nne aliyesimama ndani ya hema, kikombe mkononi, anaomba asitapike.

Niseme mapema kwamba mimi siipendi klorini. Naitumia kila siku na siipendi, kama watu wanavyoishi na mashemeji. Natia kwenye maji ya wateja. Nafulia mashuka na shati la mume wangu la kwaya. Nasugulia choo. Siku moja niliichanganya na ile dawa ya choo yenye asidi, nikidhani zikiungana choo kitang'aa mara mbili. Kilichotoka mle sikukiona kwa macho, ila kilinikaba koo kama mkono wa mtu. Nilitoka chooni kwa magoti, kanga imebaki ndani, jirani akakimbia na fimbo akiuliza nyoka yuko wapi.

Nyoka angekuwa nafuu.

Mwalimu wetu wa kemia alishatuambia hayo, kabla mimi na shule hatujaachana kidato cha pili. Alisema klorini ikiwa peke yake ni hewa ya kijani iliyopauka, nzito, inatambaa chini, na kwenye vita vya zamani iliua askari kwenye mahandaki yao. Alisema pia kwamba huwezi kuikuta inazurura peke yake, maana haina uvumilivu. Ikikutana na kitu, inakishika. Ikikuta rangi ya nguo inaishika, ikikuta kijidudu inakishika, ikikuta uchafu inaushika, na ikishashika, kile kitu hakibaki kilivyokuwa. Halafu akatuambia kwamba chumvi tunayokula nyumbani, nusu yake ni hiyohiyo klorini, imeshikana na mwenzake ikatulia. Darasa zima likasema "aaah!" Mimi nikasema "aaah" kubwa kuliko wote, maana mimi nilikuwa na kisa nayo, na hakuna aliyejua.

Kisa chenyewe ni cha bibi yangu, mzaa mama, ndiye aliyenilea.

Bibi alishuka kutoka upande wa Mahenge akiwa msichana, akaja bondeni kuolewa, akaja na kinyaa chake chote. Sijawahi kuona mtu mwenye kinyaa kama yule. Kikombe ukiosha wewe, yeye anakiosha tena. Mtu akipiga chafya chumba cha pili, Bibi anaacha kula. Kanisani padri akisema tupeane amani, Bibi anatoa mkono, anatabasamu vizuri tu, halafu anaufuta kwenye kitenge kuanzia kiganja mpaka kiwiko. Na kambale hali! Mtu anaishi bonde la Kilombero, majirani wote wanakula kambale, yeye anasema, "Samaki anayelala kwenye tope na kula kila kinachoingia topeni, mimi nimle ili iweje?" Alikula perege, na hao aliwaangalia mdomoni kwanza.

Mimi nilikuwa naishi naye na kinyaa chake, na kwa siri nilikuwa kinyume chake kabisa. Nilikuwa mtoto wa kubandua ukoko wa kidonda na kuutafuna. Nilikula na mambo mengine ya puani ambayo wateja wangu wakisoma hapa wataniacha. Kila Bibi akiniangalia nilikuwa najiuliza kama anayaona yaliyomo ndani yangu.

Bibi alikuwa anapika komoni, pombe yetu ya mahindi, na watu walikuja kunywa uani kwetu. Kwenye komoni kuna utaratibu, na wa kwetu mnaujua. Mwenye pombe akikuletea kopo, anapiga yeye funda la kwanza mbele ya macho yako. Anatoa sumu. Hata kama ni dada yako wa tumbo moja, anapiga funda, anameza, ndipo anakupa. Kwa Bibi utaratibu huo ulivuka mpaka ukaingia kwenye chai, uji na maji. Ukimletea kitu cha kunywa, unaonja kwanza, na yeye haangalii kopo, anaangalia uso wako. "Ulimi unadanganya," alikuwa anasema, "uso hauwezi. Ukikunja uso, hicho ni chako, kanywe mwenyewe."

Basi, mwaka ule mvua ilinyesha kama imetumwa. Mto Lumemo ukatoka kwenye njia yake ukaja kututembelea. Vyoo vya shimo vikajaa, na vikishajaa, mnajua vinafanya nini. Vilivyokuwa chini vikapanda juu, vikaanza kuelea mtaani, vinapita mlangoni kimojakimoja, polepole, kama vinaenda misa. Mimi na wenzangu tulikuwa tunavitambua vya nani. Bibi alikaa juu ya kitanda, kitambaa puani, anasali kwa Kipogoro, lugha aliyoitunzia mambo mazito.

Maji yalipopungua yakaacha tope, na tope likaacha harufu, na baada ya harufu ukaja ugonjwa. Upande wa pili wa barabara watu walianza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Asubuhi mtu mzima, jioni macho yameingia ndani, ngozi ukiibana inabaki imesimama kama unga wa ngano uliokandwa. Watu wazima walisema jina la ugonjwa kwa kunong'ona. Kipindupindu.

Akaja bwana afya. Kijana mpole, gambuti za njano, ndoo mpya, na kopo la unga mweupe. Akawaita kina mama wa mtaa wetu pale kwenye pampu ya mkono, na mimi nikapenya nikasimama mbele, usawa wa ndoo.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba, mwanetu."

"Nimewaletea klorini. Hii inaua wadudu wa kipindupindu. Angalieni ninavyofanya."

Akapampu ndoo ikajaa. Maji ya pampu yetu yalikuwa yanatoka meupe, unaona mpaka chini ya ndoo. Akachota dawa kidogo, akakoroga kwa mwiko. Harufu ikapanda. Kina mama wakarudi nyuma hatua, mimi machozi yakanitoka lakini sikubanduka, na ndiyo maana niliona kabla ya wengine. Maji yalikuwa yanabadilika. Kwanza yakawa na ukungu, halafu njano, na bwana afya bado anaeleza faida zake, yakawa mekundu kama chai iliyosahaulika kwenye birika, na vipande vidogovidogo vya ute mwekundu vinazunguka humo.

Bwana afya akaangalia ndoo. Niliona wazi kwamba na yeye hakulitegemea lile.

"Hii... hii ni kawaida," akasema.

Bibi akasogea. Watu wakampisha, maana walijua kinyaa chake, na siku ile kila mtu alikuwa anakihitaji.

"Mwanangu," akasema, kwa upole kabisa, "umetuonyesha vizuri na tumeona. Sasa piga funda."

"Bibi, hayanywewi sasa hivi. Lazima yakae nusu saa kwanza, dawa ifanye kazi."

"Umeyaleta wewe."

"Ndiyo, Bibi."

"Umeyakoroga wewe."

"Ndiyo."

"Na wewe mwenyewe huyanywi."

"Siyo kwamba siyanywi, Bibi, ni utaratibu..."

"Na sisi tuna utaratibu," Bibi akasema. Akachukua ndoo yake tupu akaondoka. Na kina mama wote nyuma yake.

Leo najua bwana afya hakusema uongo hata neno moja. Maji yale kweli yalitakiwa yakae. Na wekundu ule haukutoka kwenye kopo lake. Mwalimu wa kemia alikuja kunitegulia kitendawili hicho baadaye: maji ya pampu nyingi za huku kwetu yana chuma ndani yake, chuma kilichoyeyuka, hukioni, ila unakijua kwa wali kuwa na rangi ya udongo na sufuria kuota kutu. Klorini ilikikuta kile chuma mle ndani, na si nimewaambia haina uvumilivu? Ikakishika, ikakigeuza kutu palepale. Ungeyaacha yatuame, ungeyachuja kwa kitambaa safi, ukaongeza dawa kidogo, ungekunywa ukaishi. Lakini mwambie hivyo mwanamke ambaye ameona kwa macho yake maji safi yanageuzwa damu, na aliyeyageuza anakataa kuonja.

Mimi mtoto nikaelewa vingine kabisa. Nilivyoona, klorini haijaleta uchafu. Imeutoa. Uchafu ulikuwemo, umejificha, klorini ikauita ukatoka. Na nikapigwa na baridi palepale kwenye pampu, maana nikajijua mimi nina nini ndani. Nikajiona nimekunywa kikombe cha klorini mbele ya mtaa mzima: makoko yote, ya puani yote, nageuka mwekundu kuanzia kidevuni, na Bibi ananitazama kama anavyomtazama kambale.

Nikaapa sitakunywa.

Bibi naye akaiacha pampu kabisa, akisema imeshachezewa. Akarudi kwenye kisima chake cha zamani, shimo lililochimbwa pembeni mwa majaruba ya mpunga, lenye maji ya ubaridi, hayana harufu wala rangi. Aliyachuja kwa kitenge kilichofuliwa mara mbili. Yeye asiyekula perege bila kumwangalia mdomoni, alikunywa maji ya shimo ambalo mafuriko yalipita juu yake na kila kilichopita mlangoni kwetu. Kinyaa chake kilikuwa cha pua na macho, na wale wadudu hawanuki wala hawaonekani.

Mimi nilipona kwa sababu ya ajabu: kule shambani nilikuwa nimemwona chura mkubwa amekaa ukingoni mwa kile kisima, amenikazia macho, nikagoma kunywa maji yake. Nikawa nakunywa chai ya jirani kwa kujipendekeza, na chai inachemshwa. Ndivyo chura na uombaji vilivyoniokoa.

Bibi akaanza alfajiri. Alipojaribu kwenda chooni hakufika. Nitaishia hapo, maana yeye mwenyewe angenikata kibao nikiendelea. Nitasema tu kwamba kilichomtisha kuliko ugonjwa ni kwamba mimi niliona. "Toka nje, mke mwenzangu," alikuwa anasema, maana ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Toka, usiniangalie." Mama yangu alikuwa mbali, kule Mngeta, kwenye kazi za mpunga, kwa hiyo aliyekuja ni mama mdogo Leokadia. Akamfunga Bibi kanga, wanaume wakambeba kwa machela ya miti mpaka kwenye mahema.

Mahema yalikuwa yamewekwa kwenye uwanja wa shule. Mlangoni kulikuwa na beseni la klorini, unakanyaga humo kwanza. Kuna mtu mwenye bomba la mgongoni kama la kupulizia mpunga, anapulizia viatu, machela, ukuta wa hema, gari. Klorini kwenye mikono, klorini kwenye sakafu, klorini kwenye ndoo za matapishi. Na chini ya harufu ya klorini, harufu ile nyingine, tamutamu, kama samaki mbichi aliyelazwa. Zikiungana zinakaa ulimini. Nilikuwa naitema, na nikitema nanusa nyingine.

Watoto hawakuruhusiwa ndani. Mimi nilikaa nje ya kamba na furushi la nguo za Bibi, mpaka mama mdogo Leokadia akatoka, amevua kitambaa cha puani, analia bila sauti.

"Hataki kunywa maji ya chumvi na sukari," akaniambia. "Mshipa wa dripu hauonekani, mwili umekauka. Nesi anasema asipokunywa sasa hivi hafiki jioni. Kafunga mdomo. Ananitazama tu."

"Wewe umeonja?"

"Nimeonja!" Akafuta pua. "Nimeonja, nikakunja uso. Ungeonja wewe usingekunja?"

Nesi mwenyewe akatoka, mwanamke mnene mwenye macho yaliyochoka, aproni ya plastiki inachuruzika. "Huyu ndiye mjukuu? Anaita mke mwenzangu, mke mwenzangu. Mimi ameniambia nionje, nimemwambia, Bibi, sisi wahudumu haturuhusiwi kula wala kunywa humu ndani. Akageukia ukuta."

Nikaelewa. Bwana afya alikataa kuonja, nesi amekataa kuonja, mama mdogo ameonja akakunja uso. Kwa utaratibu wa uani kwetu, Bibi alikuwa na ushahidi kamili kwamba anapewa sumu.

"Ingia," nesi akasema. "Usiguse kitu. Na ukimaliza unanawa mpaka kwenye kwapa."

Nikakanyaga beseni. Ndani nikamwona Bibi kwenye kitanda cha turubai, cha chini, kilichotobolewa tundu katikati, na chini ya tundu kuna ndoo. Jamani. Bibi yangu, wa kikombe kuoshwa mara mbili, amelazwa juu ya tundu mbele za watu. Mimi nikaamini wanamtoa maji kwa makusudi, kama unavyotoboa kiroba. Macho yake yalikuwa yamezama, lakini yaliniona, na kitu cha kwanza alichofanya ni kujaribu kuvuta kanga ifunike ndoo.

"Mke mwenzangu," sauti imekwisha, imebaki pumzi. "Usiangalie chini."

"Siangalii, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Wanataka kunipa lile dude."

Nesi akaenda kwenye ndoo yenye koki pale mlangoni, akachukua kikombe kisafi, akamimina yale maji ya chumvichumvi. Akanipa mkononi, akanong'ona, "Fanya unavyojua." Nikakiinua na harufu ikanipiga kabla hakijafika kifuani.

Naomba mnielewe nilikuwa nimesimama wapi. Nikinywa, nitageuka mwekundu na Bibi ataona takataka zote nilizowahi kula. Nikikunja uso, hatakunywa. Asipokunywa hafiki jioni. Mtoto wa darasa la nne hana hesabu ya kutosha kwa mambo haya, na mimi hesabu ilikuwa inanishinda hata ya vitumbua.

Bibi akakaza macho usoni kwangu. Kila kitu kingine mwilini mwake kilikuwa kimelegea, ila yale macho yalikuwa yaleyale ya uani, ya mwenye komoni.

Nikapiga funda.

Yalikuwa ya vuguvugu. Chumvi kwanza, kama kulamba jasho la mtu usiyemjua. Halafu sukari, sijui inatafuta nini mle. Halafu klorini ikaja kwa nyuma, ikapanda kwa ndani mpaka puani, ikakaa kwenye mzizi wa ulimi kama mtu aliyekuja kulala. Kilichokuwa tumboni kikasimama kikasema na mimi natoka. Nikameza. Kikasimama tena. Nikameza tena. Uso nikauacha umetulia kama ukuta uliopigwa plasta jana. Hata nikatabasamu kidogo, ingawa sasa nafikiri nilikuwa naonyesha meno tu kama panya aliyebanwa.

"Vipi?" Bibi akauliza.

"Kama maji ya madafu."

Mungu anisamehe.

Akanitazama muda mrefu. Macho yakashuka kidogo, yakaenda mahali chini, nikajua ameangalia ile ndoo yake kwa aibu. Yakapanda tena. Akafungua mdomo.

Nesi akamnywesha kwa kikombe chake. Alikunywa, akatapika. Nesi akasubiri kidogo, kisha akamnywesha tena polepole. Kila kikombe kipya mimi napiga funda kwanza, kwenye kikombe changu, uso wa plasta, ndipo yeye anapokea. Kikombe kikaisha kikaja kingine. Tumbo langu likawa linacheza kama dumu lisilojaa. Nje jua likahama upande, mtu wa bomba akapita akapulizia hema, na mimi ndani naonja, natabasamu, nameza matapishi yangu mwenyewe kwa heshima.

Waliponitoa kupumzika nilikimbia nyuma ya madarasa kujikagua. Nikaangalia viganja: kawaida. Nikatema mate: meupe. Nikakojoa huku nimeinama naangalia katikati ya miguu, nikisubiri kutu itoke. Mkojo ulikuwa mweupe kama maji ya mvua, sijawahi kuwa na mkojo mzuri hivyo. Nikasimama pale nimechanganyikiwa. Ama klorini haikufanya kazi, ama ndani yangu hamkuwa na uchafu niliodhani. Bado sijapata jibu, naendelea kusubiri.

Niliporudi, nesi alikuwa anapiga makofi. "Amekojoa! Bibi amekojoa!" Mama mdogo anacheka na kulia, hata mtu wa bomba katoa pongezi. Sijaona tena maishani watu wazima wakishangilia mkojo wa mtu namna ile. Bibi mwenyewe alikuwa amejifunika kanga mpaka kichwani kwa aibu. Lakini alikuwa na nguvu ya kujifunika, na asubuhi hakuwa nayo.

Alirudi nyumbani. Akapona mpaka akarudia kuosha vikombe vilivyooshwa. Maji ya pampu akaanza kuyatia dawa, akiyaacha yatuame, akiyachuja, akilaani kila hatua, na kabla hajanywa aliniita mimi nipige funda. Nikawa muonjaji wa nyumba. Nilijiona mtaalamu wa uso, nikawa najisifu kwa wenzangu kwamba mimi naweza kumdanganya hata Bibi.

Siku moja uani, komoni imeiva, watu wamekaa kwenye viti vya kamba, mmoja akamuuliza Bibi ilikuwaje akakubali kunywa lile dude la hemani. Mimi nikanyoosha shingo nisikie sifa zangu.

"Huyu mke mwenzangu alinidanganya," Bibi akasema. "Alikunywa na uso wa askofu."

Nikaona raha.

"Ila nilikuwa nimelala kwenye kitanda cha chini," akaendelea. "Miguu yake ilikuwa peku mbele yangu. Uso wa askofu, lakini vidole vya miguu vimejikunja vyote vimeshika ardhi, vinatetemeka, kama kuku anayechinjwa."

Watu wakacheka mpaka kopo likamwagika. Mimi nikaficha miguu chini ya kiti. Nilisubiri kicheko kiishe, nikamuuliza kwa hasira, "Sasa kama uliona, mbona ulikunywa?"

Bibi hakucheka. Akachukua kitenge chake akaanza kukikunjakunja pajani.

"Nikasema, mtoto mdogo hivi anajikaza hivi kwa ajili yangu. Na mimi mtu mzima nishindwe?" Akakinyoosha tena. "Nikaona aibu kuliko kinyaa."

Halafu akapiga funda la komoni, akampa mtu aliyefuata, mambo yakaendelea.

Bibi alikufa baadaye sana, kwa uzee tu, kwenye shuka jeupe nililolifua mimi. Lilikuwa linanuka klorini kidogo. Nilijua angelalamika.

Basi juzi, yule dereva wa bodaboda amesukuma kikombe mwisho wa meza, wenzake wanasubiri waone nitamjibu nini, maana mimi sijulikani kwa kunyamaza. Na wiki hii, mnajua wenyewe, maji yamepanda tena, vyoo vya kule bondeni vimeanza kuonyesha dalili, na nimesikia mtaa wa pili kuna mtu amepelekwa hospitali.

Nikavuta kiti nikakaa mbele yake. Nikachukua kikombe kingine, nikajimiminia kutoka ndoo ileile.

"Niangalie usoni," nikamwambia.

"Mama, kwani vipi?"

"Wewe niangalie."

Nikapiga funda. Ikapanda kwa ndani, ikafika puani, ikakaa pale inapokaaga. Nikameza. Uso, plasta tupu. Nikamaliza kikombe chote nikakiweka mezani.

Kijana akanitazama, akawatazama wenzake, akakivuta kikombe chake taratibu, akanywa mpaka chini.

"Si mabaya sana," akasema.

"Si nilikwambia?"

Akaondoka zake na pikipiki. Mimi nikabaki nimekaa kidogo zaidi, mpaka vidole vya miguu viliponyooka.